Meno ya juu yanatoka, uji hataki: tuanze na kijiko

Swali ni la mama mmoja wa Mbagala, nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo dada. Mwanangu wa kike ana miezi 8, meno mawili ya chini alishatoa, sasa hivi fizi za juu zimevimba zina weupe weupe. Leo siku ya sita hali. Uji anatema, ndizi anatema, akiona kijiko tu analia hata hakijamfikia. Siku nikiwepo mchana titi anashika anaachia analia, usiku ananyonya vizuri. Juzi na jana kaharisha kidogo. Mwezi uliopita kliniki alikuwa kilo 7.5, wiki hii nimempima 7.6. Natoka nyumbani saa 12 asubuhi narudi saa 1 usiku, anabaki na dada wa kazi, na dada anasema bila kumkaba hali kabisa. Mama mkwe anasema haya ni meno ya plastiki, kuna mtu huku anayatoa. Famasi wamenipa jeli ya kupaka kwenye fizi. Nimpe chakula gani ale? Na ameanza kuning'ata, nimuachishe titi?"

Marahaba mdogo wangu. Pole na hizo siku sita, najua usiku hulali na asubuhi daladala inakusubiri.

Umeuliza chakula gani, na kina mama karibu wote wanaoniletea ishu hii wanauliza hivyo hivyo, kana kwamba kuna chakula fulani cha siri mtoto akikiona mdomo unafunguka wenyewe. Chakula nitafika. Ila katika yote uliyoandika iliyonikaa kichwani ni hiyo ya kwamba akiona kijiko analia hata hakijamfikia. Mtoto wa miezi 8 haamki tu akaogopa kijiko, ujue kuna kitu kijiko kimemfanyia, na kwa hayo ya dada nadhani nakijua.

Lakini kabla ya kijiko nianze na mama mkwe maana hilo haliwezi kusubiri. Usimpeleke mtoto kwa huyo mtu. Hakuna meno ya plastiki, hayapo, hayajawahi kuwepo. Kinachotokea ni hivi, meno ya utoto yanaanza kujitengeneza ndani ya taya mtoto akiwa bado tumboni, sasa jino ambalo halijakomaa ni laini na jeupe, na sehemu ya chonge fizi huwa imetuna kidogo kwa kila mtoto. Yule bwana anapasua hapo kwa kitu cha ncha anatoa kidude cheupe laini anakuonyesha kiganjani, "umeona plastiki hii?", na wewe unaona kweli ni laini, unaamini. Alichotoa ni chonge la mwanao. Tena kwa kuchokonoa pale anaweza kuharibu na jino la ukubwani lililo chini yake, ndiyo unakuja kukuta mtoto mkubwa wa shule ya msingi ana pengo au chonge limeota limepinda. Na hapo ni aliyebahatika, maana wapo wanaovuja damu mpaka wanakufa, wapo wanaopata tetenasi, wapo vidonda vinaoza damu inachafuka, na chombo kile kile kikipita kwa watoto watano kinaweza kubeba mpaka virusi vya Ukimwi. Mimi nimempokea mtoto aliyetolewa asubuhi akaletwa jioni kapauka kama karatasi, na kilichomfanya bibi yake ampeleke kilikuwa kuharisha, basi, kuharisha ambako ORS, ule unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini, ingetosha kumvusha.

Sasa kwa mama mkwe usiende na vita. Yeye enzi zake kaona watoto wengi wanaharisha na kupata homa umri huu huu wa kuota meno, na kweli wanaharisha umri huu, hajadanganya, kakosea sababu tu. Mwambie "mama, nimeongea na nesi kasema kwanza tumtibu kuharisha", mpe na yeye kazi ya kufanya, amkorogee mtoto ORS. Bibi akiwa na kazi mkononi hatafuti fundi.

Na hapo hapo tumalizane na kuharisha. Meno hayaharishi. Mtoto wa miezi 6 kwenda mbele anatambaa, fizi zinawasha kwa hiyo kila kitu kinaenda mdomoni, ndala, rimoti, mchanga, kona ya mkeka, na kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwako nayo ndiyo inapungua miezi hiyo hiyo. Uchafu unaingia, tumbo linachafuka, jino linasingiziwa. Kama choo ni cha maji na anapata mara tatu au zaidi kwa siku, hilo ni la kuharisha kweli, chukua ORS na zinki kwenye kituo cha afya. Zinki kwa umri wake ni miligramu 20, mara moja kwa siku, siku 10 mpaka 14, na usiikatishe siku ya tatu kwa sababu choo kimekuwa kigumu. Pakiti ya ORS iliyoandikwa lita moja ni lita moja kweli, pima, usimwage nusu pakiti kwenye glasi kwa kukisia. Na wakati wote huo titi linaendelea.

Haya, jeli. Ile ya ganzi nisingempaka. Zile zenye dawa inayoitwa benzokaini zinaweza kuifanya damu ya mtoto ishindwe kubeba hewa, nadra lakini ikitokea ni dharura, midomo inakuwa ya bluu, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilishasema zisitumike kwa watoto chini ya miaka 2. Zenye lidokaini nazo zina kesi yake, mtoto akimeza nyingi anaweza kupata degedege au moyo ukavurugika. Na faida yenyewe ni ya dakika chache, mate ya mtoto anayeota meno unayajua, unapaka, udenda unashuka, jeli imeenda na ganzi imefika kooni mahali ambapo hukuitaka, mtoto anashindwa kumeza vizuri halafu ndiyo unamletea uji. Soma kasha, ukikuta mojawapo ya hayo majina weka pembeni. Kuna na hizi dawa za kienyeji za kwenye chupa isiyo na lebo, na hata zenye lebo usiziamini tu, mwaka 2008 kule Nigeria dawa moja ya maji ya kuotea meno ilikutwa imechanganyika na kemikali ya viwandani na watoto 84 walikufa kwa figo.

Dawa ninayokubali kwa maumivu ni parasetamo ya maji, hii wengi tunaita panadol ya watoto. Dozi ni kwa kilo siyo kwa umri, miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo, kwa hiyo mwanao wa kilo 7.6 ni kama miligramu 76 mpaka 114. Chupa nyingi za kwetu ni miligramu 120 kwenye mililita 5, hapo mililita 4 zinamtosha, ila SOMA CHUPA maana zipo kali zaidi za matone na ukipima mililita 4 ya hiyo umempa dozi kubwa mno, unaweza kumuumiza ini. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, achana na kijiko cha jikoni. Mpe kama nusu saa kabla ya mlo mmoja, ule ambao wewe upo, na usiku kama hakulaliki. Isizidi mara nne kwa saa 24 na kati ya dozi na dozi zipite saa nne mpaka sita. Usichanganye kwenye uji, ataujua uchungu na utakuwa umempa sababu nyingine ya kuukataa. Aspirini kamwe. Ukiona siku ya tatu bado unategemea panadol, huyo siyo wa kuota meno tena, mpeleke akaangaliwe.

Sasa kijiko.

Jioni ukifika, kabla hujavua hata viatu, mwambie dada amlishe kidogo ukiwa unaangalia tu, usiseme kitu. Nakuhakikishia utaona hivi: anaingiza kijiko, anakiinua, halafu anakitoa huku anakikwangua kwenye fizi ya juu ili chakula kibaki ndani. Wote tunalisha hivyo, hata mimi wa kwangu wa kwanza nilimlisha hivyo. Sasa fizi iliyovimba ni ipi? Ya juu. Kwa hiyo kila kijiko ni chuma kinapita juu ya jipu, mara ishirini kwa bakuli moja, na akigeuza shingo anashikwa. Wewe ungekula?

Njia yake ni rahisi. Tafuta kijiko kidogo cha plastiki laini, au cha chai kile kidogo kabisa, chakula kiwe ncha tu ya kijiko. Kaa naye uso kwa uso, asilale mapajani, akae. Kilete kijiko mpaka kwenye mdomo wa chini, kipumzishe hapo juu ya lipsi ya chini, halafu subiri. Subiri kweli, hesabu mpaka kumi. Akitaka atafunga mdomo mwenyewe avute chakula, na wewe unakitoa kijiko moja kwa moja kama ulivyokiingiza, bila kuinua. Siku ya kwanza anaweza asivute hata kimoja, mpe kijiko kingine kitupu achezee, alambe, akirushe, ndiyo kesi ya kijiko inavyoisha, taratibu. Au kwa siku mbili tatu kisahau kabisa kijiko, osha mikono kwa sabuni umlishe kwa kidole, au uweke chakula mbele yake achukue mwenyewe, atachafua mpaka nywele, sakafu inapigwa deki.

Na kumkaba kukome leo. Siyo kesho. Mtoto anayelia huku anamiminiwa uji, pua imebanwa au kichwa kimelazwa nyuma, anavuta hewa na uji pamoja, uji unaenda kwenye mapafu. Hiyo inaua, na isipoua inaleta nimonia za kurudia rudia. Tumezizoea sana hizi, bibi zetu walitunyweshea kiganjani tukakua, kwa hiyo tunaona ni malezi. Lakini hebu fikiria upande wa dada pia, maana sitaki umfokee. Wewe ukifika saa 1 usiku swali la kwanza ni lipi? "Amekula?" Halafu unafunua hotipoti. Ikiwa imejaa uso wako unabadilika, na yeye ana miaka mingapi, 17, 18, mbali na kwao, anaogopa kazi. Atamkaba tu ili hotipoti iwe tupu. Badilisha swali. Muulize "leo amecheka saa ngapi, amekojoa mara ngapi, alishika nini mwenyewe". Mwambie kabisa kwamba bakuli likirudi limejaa hutamlaumu, na siku likirudi limejaa usimlaumu kweli. Nimeona nyumba nyingi mtoto ameanza kula ndani ya siku nne baada ya mama kuacha kufunua hotipoti.

Nikija kwenye chakula. Kwanza tulia kidogo na hesabu. Mtoto wa miezi 6 mpaka 8 anayenyonya vizuri, chakula cha nje anachohitaji kwa siku ni kama kalori 200 tu, zinazobaki zote ni maziwa yako. Kalori 200 siyo mlima. Nusu parachichi la ukubwa wa kawaida ni kama 120 mpaka 150. Yai moja ni kama 70. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ni kama 40, na hiyo ni zaidi ya unayopata kwenye kijiko kizima cha mezani cha unga wa sembe. Umeona? Wiki ya maumivu mtoto hatafungua mdomo mara arobaini, atafungua mara kumi, basi hizo kumi zibebe kitu.

Uji mwembamba wa kunywa haubebi. Tumbo lake linachukua kama mililita 30 kwa kila kilo, kwa hiyo yeye ni kama 230, kikombe kidogo hivi, na ukikijaza uji wa maji umejaza maji, ameshiba hajapata kitu na kesho kutwa mzani unasema ukweli. Uji ukiinamisha kijiko usimwagike kama chai, ukae. Weka kijiko cha chai cha mafuta au tui zito la nazi, weka karanga zilizosagwa laini kabisa (karanga nzima hapana, hata nusu yake hapana, inaziba njia ya hewa), na ziwe karanga nzuri, umezichambua mwenyewe, yenye ukungu au iliyosinyaa tupa. Sumukuvu siyo hadithi, mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa, wakiwemo watoto. Ndiyo maana na huu unga wa lishe wa nafaka kumi uliosagwa na karanga na soya humo humo ukakaa miezi miwili jikoni siupendi, nafaka zikiwa kumi bado ni nafaka tu, na karanga ikishasagwa ikakaa kwenye joto la Dar inaharibika haraka. Saga unga wa nafaka moja au mbili, karanga weka siku ya kupika.

Kwa fizi inayouma, kinachokubalika ni cha baridi au vuguvugu, laini, kisichochoma wala kuwa na chumvi. Kwa mwanao ningeanza hivi. Asubuhi ukiwa bado upo, saa 11 na nusu, nyonyesha kwanza, parachichi liwe limeshatoka friji, ponda na maziwa yako kidogo, vijiko vitano sita, basi, unaondoka. Saa 4 dada ampe mtindi, ule mtupu usio na sukari wala rangi, wa baridi, watoto wengi wanaokataa kila kitu mtindi wanaukubali. Mchana mtori, ndizi zilizochemshwa kwenye supu zikapondwa na nyama iliyosagwa au ini la kuku, uachwe upoe kabisa, wala usipashwe mara ya pili na ya tatu, chota cha kumtosha kingine kikae friji. Ini nalirudia kwa makusudi, akiba ya madini chuma aliyozaliwa nayo mtoto inaisha karibu na miezi 6 na maziwa ya mama hayana ya kutosha, kwa hiyo akikosa vijiko vya ini, nyama, samaki au dagaa wa kusagwa wiki mbili tatu anakosa kitu ambacho ndizi haiwezi kufidia. Na upungufu wa damu wenyewe unaua hamu ya kula, unaona mduara huo. Kijiko kimoja cha chai cha ini kwa siku, kipondwe humo kwenye mtori wala hataona. Jioni wewe umefika, titi kwanza, halafu kiazi lishe au boga la kuponda na yai lililoiva vizuri.

Siku mbaya kabisa akikubali titi na mtindi tu, sawa. Siku moja mbili haimdhoofishi.

Machungwa, nanasi, ukwaju, nyanya nyingi, acha wiki hii, vinachoma. Chai ya rangi kabisa usimpe, hata ya kuchovyea mkate, inazuia madini chuma kuingia mwilini. Asali usipake kwenye fizi wala kwenye nyonyo mpaka afikishe mwaka, inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga. Na blenda, nikuombe, iweke kabatini. Miezi 8 ponda kwa uma, mabonge madogo laini yawepo, mtoto aliyelishwa vya blenda mpaka mwaka na nusu ndiyo huyo unakuja kuambiwa "hali wali, anatapika". Hatafuni kwa meno, anatafuna kwa fizi, na fizi hizo zina nguvu kama unavyojua wewe unayeng'atwa.

Kati ya mlo na mlo mpe kitu cha kuuma. Kitambaa safi cha pamba kilichochemshwa, kiloweshe, kikae friji chini siyo kwenye barafu, aume. Msimu wa embe, kokwa kubwa la dodo lililobaki na nyama kidogo likapozwa, jamani, watoto wanalipenda hilo, lakini kubwa, na mtu awe anamtazama muda wote. Karoti mbichi hapana, sasa ana meno mawili anaweza kukata kipande kikamkaba. Umeme ukikatika maji ya mtungi yanatosha kulowesha kitambaa. Kidole chako safi kikisugua fizi dakika mbili kabla ya kula nacho kinafanya kazi kuliko jeli zote.

Maziwa sasa. Mchana kuachia titi huku analia ni kwa sababu akivuta, fizi iliyovimba inajaa damu inauma zaidi. Usiku kasinzia hasikii sana, ndiyo maana ananyonya. Tumia hilo. Wiki hii mlaze karibu anyonye usiku anavyotaka, utachoka, najua, lakini hapo ndipo chakula chake kilipo. Kazini kamua, kwa joto letu maziwa nje ya friji usiyaachie kwa muda unaozidi saa nne, kama kazini kuna friji au una kibebeo chenye barafu yatafika nyumbani salama, na kwenye friji yanakaa mpaka siku nne. Dada amnyweshe kwa kikombe kidogo, ya baridi akipenda, chuchu ya chupa itamuuma vile vile kama titi na kuiosha ni mtihani.

Kuhusu uzito, usipige kelele bado. Mtoto wa kike wa miezi 8, wa katikati kabisa, ni kilo 7.9, wako 7.6, yuko vizuri. Kapanda gramu 100 tu mwezi huu, ni kidogo, umri huu ungetegemea kama 300 hivi, lakini kapanda. Ninachoangalia mimi kwenye kadi ni mwelekeo wa mstari, na mwezi mmoja wa kulala lala siuogopi. Wa pili ukilala, au ukishuka, njoo bila kusubiri tarehe ya kliniki. Waombe na wampime mkono kwa ule utepe, chini ya sentimita 12.5 ni utapiamlo, chini ya 11.5 ni mkali wa kutibiwa hapo hapo. Na meno yakishatoka, muongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili, atakula kama ana deni.

Ila sasa, siku sita. Hapa ndipo nataka unisikilize. Jino likiwa linatoboa, kusumbuka kwa kweli ni siku chache kabla na siku chache baada. Meno ya utoto ni 20, yanatoka mpaka karibu miaka 3, ukilipa jino kila siku asiyokula utalisingizia miaka miwili mizima na vilivyomo ndani hutaviona. Kesho mchana kwenye mwanga mfungue mdomo umuangalie vizuri. Utando mweupe kwenye ulimi na mashavuni ambao ukifuta kwa kitambaa hautoki kirahisi, au ukitoka unaacha wekundu, hiyo ni fangasi, ina dawa yake na titi lako nalo linatibiwa. Vidonda vidogo vidogo kwenye fizi na ulimi, fizi zinatoa damu, na homa juu, hicho ni kirusi, hapo ndiyo kukataa kula kwenyewe. Anavuta sikio upande mmoja na analia zaidi akilazwa, masikio. Pua imeziba, basi mtoto hawezi kunyonya na kupumua kwa wakati mmoja, safisha pua kwa matone ya maji ya chumvi kabla ya titi. Homa ikifika 38 kwa kipimajoto siyo ya jino, fizi inapandisha joto kidogo tu, hiyo ni ya kupimwa malaria siku hiyo hiyo, na mkojo pia.

Na kuna ya kukimbia nayo usiku huo huo bila kuniuliza mimi wala bibi: anashindwa kabisa kunyonya, anatapika kila kitu, degedege, amelegea hashtuki, anapumua haraka mbavu zinaingia ndani, au pampasi ikikaa kavu kwa muda wa saa sita mpaka nane.

Kwa kuwa anaharisha na hii ni siku ya sita, mpeleke kesho kituoni wamuone, hata kama watakwambia ni meno tu. Chukua ruhusa kazini nusu siku.

Umeuliza kung'ata. Usimuachishe, miezi 8 bado maziwa yako ni zaidi ya nusu ya chakula chake, na wiki hii ni karibu chote. Anang'ata mara nyingi mwishoni akiwa ameshiba anachezea, au mwanzoni fizi zikiwasha, kwa hiyo mpe kitambaa cha baridi aume kwanza dakika tano ndiyo umpe titi. Ukihisi taya linajiandaa, ingiza kidole kidogo pembeni ya mdomo utoe nyonyo, usilivute. Ukipiga kelele wengine wanashtuka wanakataa titi siku mbili, wengine wanaona ni mchezo wanarudia, wako sijui ni yupi. Akishang'ata sema hapana kwa sauti ya kawaida, mweke chini dakika moja, mrudishe. Siku mbili tatu anaelewa. Na hayo meno mawili ya chini yafutwe asubuhi na usiku kwa mswaki laini, dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele.

Kesho ukitoka kumpima, nitumie kilo zake na uniambie dada kasemaje kuhusu kijiko.